Injini ya Datsun ya Baba

Kivule, Dar es Salaam
21 Januari 2024

Kaka Egidi,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini mvua ya huko inanyesha kwa kiasi na mahindi ya Matogoro yamefika magotini. Sisi hapa tunapambana na joto tu. Jane ameanza kidato cha kwanza, amelia siku mbili, ya tatu akanyamaza. Dawa za mguu wa Mama nilituma na basi Jumatano. Mpe baada ya chakula cha jioni, siyo asubuhi na chai kama ulivyofanya mwezi uliopita. Msalimie sana wifi Notburga.

Nimekupigia mara sita hupokei, ndiyo maana naandika.

Abdulatifu, yule dalali wa magari ya zamani niliyemtuma kwako, amerudi. Kabla hajafika kwangu alinitumia picha. Kaka, umelifanya nini gari la Baba? Mimi nilikuachia Datsun ya rangi ya chungwa iliyofifia, nakuta kitu chekundu kinachong'aa kama pipi! Viti umeshona vipya. Usukani wa mbao uko wapi? Abdulatifu alikaa kwenye kochi langu akashika kichwa. Alisema, "Dada Kunegunda, hawa wanunuzi hawanunui gari, wananunua lile ambalo halijaguswa. Rangi ya kiwandani hata ikiwa imepauka ni mali. Rangi ya kaka yako ni hasara."

Sikiliza vizuri. Coupe za aina ile, milango miwili, silinda sita, usukani kulia, zimebaki chache mno. Mtu wa Nairobi alikuwa tayari kutoa milioni mia moja na hamsini za kwetu endapo kila kitu kingekuwa kile kile alichokiacha yule Mgiriki aliyempa Baba gari. Sasa anasema arobaini. Mia moja na kumi umezipiga msasa wewe.

Jambo la pili. Ndani ya boneti kuna kibati kilichopigiliwa tangu kiwandani, kina namba ya gari na namba ya injini. Abdulatifu anasema injini iliyomo haina namba hiyo. Nimemwambia hakuona vizuri. Nijibu na hilo.

Mdogo wako,
Kunegunda


Bombambili, Songea
6 Februari 2024

Kunegunda mdogo wangu,

Marahaba. Milele amina. Mama hajambo, mguu umepungua uvimbe, jana alitembea mwenyewe mpaka kwa jirani kuomba chumvi ambayo haikuwa imekwisha. Alitaka maneno tu. Notburga anakusalimia. Mwambie Jane asome.

Simu sipokei kwa sababu kwenye simu wewe huongei, unafoka, halafu salio linakatika mimi sijafungua mdomo. Kwenye karatasi na mimi nitapata zamu.

Mwezi wa nane ulisema nini? Nakukumbusha. Ulisema, "Kaka, kuna mteja, litengeneze lipendeze." Hukusema lipauke. Hukusema liachwe na kutu. Nililitoa Matogoro kwa kulivuta na Land Rover ya mtu mpaka gereji kwangu, na nikalifanyia kazi miezi minne bila senti yako hata moja. Unajua sakafu ilikuwaje? Ukikanyaga upande wa dereva, mguu unagusa ardhi. Kwenye kiti cha nyuma ya dereva panya walikuwa wamezaa mara tatu. Nimekata bati, nimechomelea, nimepaka puti kwa vidole hivi, nimepiga msasa mpaka kucha zikatoka damu, nimepuliza rangi mikono mitano. Watu wa Bombambili walikuwa wanasimamisha baiskeli kulitazama. Padri alishuka kwenye gari lake akaomba kukaa ndani.

Halafu mtu ambaye hajawahi kushika spana anakaa kwenye kochi lako anaita kazi yangu hasara!

Wewe ni muuguzi. Mgonjwa akiletwa na vidonda, unamwacha navyo kwa kuwa alikuja navyo? Unamrudisha nyumbani unasema usimwoshe, uchafu wake ni wa asili? Nieleze, labda hospitali za Dar mmebadilisha.

Usukani wa mbao upo, nimeuhifadhi juu ya kabati, ulikuwa umepasuka. Viti vya zamani nilivichoma moto. Vilikuwa vinanuka.

Kuhusu hilo la pili, sina la kusema.

Kaka yako,
Egidi


Kivule
25 Februari 2024

Kaka Egidi,

Shikamoo. Hapa wazima. Kwaresima imeanza na mimi nimejiwekea nadhiri ya kutokasirika, nimeivunja siku ya tatu nilipofungua bahasha yako.

Ukurasa mzima wa panya na msasa, halafu injini mstari mmoja. "Sina la kusema." Kaka, mtu ambaye hana la kusema ni yule asiyejua. Wewe ni fundi. Baba alikufundisha injini ile kabla hajakufundisha kusali. Usiniambie ulikaa na gari miezi minne, boneti wazi, usione kilichomo.

Nimemrudisha Abdulatifu nikamwuliza taratibu. Amenichorea kwenye karatasi. Injini ya Baba ubavuni imeandikwa L24. Iliyomo imeandikwa L28, na hiyo ilikuwa inafungwa kwenye Patrol za zamani. Kwa macho yangu mimi zinafanana, kwa macho ya fundi haziwezi kufanana. Mtu aliyeifunga alijua anachofanya. Songea nzima mafundi wanaoijua Datsun ile ni wawili: mmoja amelala makaburini tangu mwaka 2003, mwingine ni wewe.

Iko wapi injini? Uliiuza lini? Kwa nani?

Ningekuwa na mume hai nisingekuandikia mimi, angekuja yeye. Rupert alinunua kiwanja hiki ninachokaa kwa jasho lake, tofali kwa tofali, na hakuwahi kugusa cha mtu. Alikuwa anakuheshimu kuliko ndugu zake wa kuzaliwa. Mpaka anakufa alikuwa anasema, "Egidi ni mtu." Nashukuru hayupo kuona haya.

Gari lile ni la Mama, siyo lako. Nakupa mpaka Pasaka.

Kunegunda


Bombambili
19 Machi 2024

Kunegunda,

Mama hajambo. Mahindi yamechanua.

Uza gari kama lilivyo, au liache. Injini usiulize. Nimesema usiulize, na nakuomba kama kaka, mara moja tu, sitaomba tena.

Jina la Rupert usiliweke kwenye barua unazoniandikia mimi.

Namba yako nimeifunga kwenye simu.

Egidi


Bombambili
12 Mei 2024

Kunegunda,

Leo sisalimii.

Jumanne saa nne asubuhi nilikuwa chini ya lori la mahindi. Wateja walikuwa watano. Mtendaji wa mtaa akaja na bahasha yenye muhuri wa wakili, akasema amri ni anisomee na nitie sahihi kwamba nimesikia. Nikamwambia subiri ninawe mikono. Akasema ana safari nyingine. Akasoma pale pale, kwa sauti ya mtu anayetangaza mnada. "Egidi Kajetani, unadaiwa kuchukua kinyume cha sheria injini, mali ya familia ya marehemu..." Mwenye lori aliniangalia, akaangalia injini ya lori lake. Nimefanya kazi Bombambili miaka thelathini na moja. Jioni alikuja kulichukua lori kabla halijakamilika.

Habari ilifika Matogoro kwa bodaboda kabla yangu. Nilimkuta Mama amekaa kizingitini. Aliniuliza, "Egidi, mwizi ni nani?" Nikasema, "Hakuna mwizi, Mama." Akasema, "Basi kwa nini wamekusomea?" Miaka sitini na mbili, nasimama mbele ya mama yangu kama mtoto aliyemwaga maziwa.

Sasa soma. Kaa chini kwanza.

Mwaka 2009 mlikuja Songea, wewe na Rupert, mimba ya Jane ikiwa na miezi sita. Mbili za kwanza zilikuwa zimetoka. Ulilazwa, daktari akasema usiinuke kitandani na usipate habari yoyote ya kukustua. Mama alikuwa analala wodini kwako. Mimi nilikuwa Tunduru, natengeneza malori ya matajiri wa korosho kabla ya msimu. Nyumba ya Matogoro alibaki Rupert peke yake.

Niliporudi ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi. Unajua kila Jumapili ya kwanza nilikuwa naliwasha gari, ili Mama asikie mngurumo, maana ndivyo Baba alivyokuwa akifanya baada ya misa. Nikafungua boneti. Tupu. Mabomba yananing'inia kama utumbo wa mbuzi. Injini, kabureta zote mbili, giaboksi, havipo.

Rupert alitoka ndani, hakunisubiri niulize. Alipiga magoti kwenye vumbi, mtu mzima, suruali nyeupe. "Shemeji, kiwanja cha Kivule mwenye nacho alikuwa hangoji. Nimempata mtu wa mashindano ya magari kutoka Dar. Miaka miwili nitakuwa nimeirudisha. Kunegunda asijue, utamwua na mtoto." Alisema hivyo. Utamwua na mtoto. Mimi, siyo yeye.

Nikatafuta injini ya Patrol iliyopinduka barabara ya Mbinga, nikaifunga kabla Mama hajarudi nyumbani.

Miaka miwili ikapita. Ikapita kumi. Rupert akafa. Mtu akifa na siri yako, unaiweka wapi? Ukamlilia siku arobaini, ningekuja na boneti mkononi?

Jasho lake, unasema. Toka nje uangalie ukuta wako. Msingi wa nyumba unayokaa kuniita mwizi ni injini ya Baba.

Mwambie wakili wako aandike na hayo.

Egidi


Kivule
2 Juni 2024

Egidi,

Nimesoma barua yako mara moja tu. Mara ya pili nimeshindwa.

Unamsingizia mtu aliye kaburini kwa sababu hawezi kusimama akakujibu. Ungesema umeiuza kwa shida, ningekusamehe. Ungesema umelewa ukaiuza, ningekusamehe. Lakini kumvua nguo baba wa mwanangu ili wewe uvae!

Kesi naendelea nayo. Na Krismasi usinitegemee.

Kunegunda


Kivule
15 Septemba 2024

Kaka Egidi,

Shikamoo.

Jane hajambo, amekuwa wa nne darasani. Mimi shinikizo la damu limepanda, natumia dawa ninazowapa wengine. Mama nimeongea naye kwa simu ya jirani, ameniuliza kama nimelala, nikajua sauti yangu imenisaliti.

Mwezi uliopita walipita watu wa upimaji, wanataka karatasi za mauziano za kila kiwanja. Nikafungua sanduku la chuma la Rupert. Tangu azikwe nilikuwa nalifungua kuchukua vyeti vya juu tu, chini sikuwahi kufika. Chini kabisa, ndani ya bahasha ya mishahara, nilikuta karatasi mbili zimekunjwa pamoja. Ya kwanza ya tarehe tatu Julai 2009: "Nimeuza injini moja ya Datsun, silinda sita, pamoja na kabureta mbili na giaboksi." Namba imeandikwa. Sahihi ni ya Rupert, ile R yake yenye mkia. Ya pili ni ya kiwanja, tarehe tisa Julai.

Nilichukua picha ya kibati aliyonitumia Abdulatifu nikalinganisha namba kwa kidole, moja moja, kama ninavyosoma jina la mgonjwa kabla ya kumchoma sindano. Ni ile ile.

Nilikwenda mtaa wa Gerezani anakofanyia kazi Abdulatifu, nikamwekea karatasi mezani. Nikamwambia, "Niambie ukweli au nianze kupiga kelele hapa." Akatazama chini. "Dada, wallahi mimi natumwa tu. Mwenye injini ndiye huyo huyo mnunuzi. Aliipata kwa yule wa mashindano miaka sita iliyopita, ameiweka kwenye stendi ya mbao nyumbani kwake Nairobi, na tangu hapo anatafuta gari lake. Kilichokuwa kinajulikana ni Songea tu."

Umeelewa, kaka? Alipofungua boneti yako Januari alikuwa anajua kile ambacho hatakikuta. Alikuja kwangu akashika kichwa, akaniacha mimi nikurukie wewe shingoni, ili tugombane, tuchoke, tuuze kwa bei ya chuma chakavu. Na mimi nikamrukia kweli ndugu yangu.

Kesi nimeifuta. Wakili ataandika barua nyingine, nimemwambia mtendaji aisome pale pale, saa nne, wateja wakiwepo. Kama hakuna wateja, arudi kesho yake.

Lakini usifikiri nimekuja kwa magoti tu. Nina hasira na wewe bado, na hii siyo ya uongo. Mlikaa wanaume wawili mkaamua kile ninachoweza kukisikia. Sawa, nilikuwa na mimba. Jane alizaliwa Oktoba. Oktoba hiyo ungeniambia! Ungeniambia mwaka 2010, ningemng'ang'ania Rupert mwenyewe, akiwa na pumzi ya kunijibu. Umeniachia nigombane na picha ya ukutani. Nimeigeuza, Jane akanikuta, akaniuliza kwa nini baba anaangalia ukuta.

Miaka kumi na tano, Egidi. Siamini kwamba ilikuwa huruma peke yake. Wewe siyo mtu wa kukaa kimya namna hiyo. Kuna kingine.

Kunegunda


Bombambili
27 Oktoba 2024

Kunegunda mdogo wangu,

Marahaba. Mvua za kwanza bado, vumbi limefunika mpaka nyanya za Notburga. Mama hajambo.

Mtendaji alikuja, akasoma. Wateja walikuwa wawili. Yule wa lori hakuwepo, nilimtumia ujumbe mwenyewe, hajajibu. Maneno ya wakili yanafutwa kwa karatasi, ila masikioni mwa watu hayafutiki hivyo.

Umeuliza kama kuna kingine. Kipo.

Siku ile Rupert alipoinuka pale chini alisema, "Shemeji, siwezi kukuacha mikono mitupu." Wiki iliyofuata ikafika kompresa mpya kutoka Dar, na bunduki mbili za kupulizia rangi. Kabla ya hapo nilikuwa nakodi kompresa ya mtu wa Ruhuwiko, nampa nusu ya kila ninachopata. Niliipokea. Nilimwambia dereva wa basi aishushe polepole. Nimejenga kwa kompresa ile, nimesomesha kwa kompresa ile, na gari la Baba nimelipuliza rangi kwa kompresa ile ile. Kila nilipotaka kukuandikia, nilikuwa naisikia inaunguruma nyuma yangu. Ningekwambia nini? Kwamba shemeji ameiba na mimi nimekula mgao?

Basi, umejua. Uliponiita mwizi nilikasirika sana kwa sababu ulikuwa umekosea kidogo tu.

Sasa la gari. Abdulatifu alikuja tena wiki mbili zilizopita. Safari hii hakushika kichwa, alikuja na maandazi. Anataka karatasi ya historia ya gari, iliyoandikwa na familia, maana huko kwao gari bila historia halina bei. Nikasema nitaandika. Akanisogelea. "Mzee Egidi, andika kwamba marehemu baba yenu aliitoa injini mwenyewe akaipeleka Nairobi kuhifadhiwa. Hivyo tu. Ukiandika imeibwa, hata injini ikirudi ndani, gari linabaki na doa. Ukiandika ninavyokwambia, milioni tisini."

Kunegunda, nilimfukuza. Nilimrushia maandazi yake mpaka barabarani, kuku wa jirani wakayagombania. Baba amtume nani Nairobi? Baba ambaye alikuwa anafunga boneti kwa kufuli ili sisi tusichezee! Wameshaila injini, wakataka na Baba awe ndiye aliyewapa.

Siku ya pili nilikwenda kwa Mama nikamwambia mteja yupo, injini ya Baba iko Nairobi, na gari likienda litaungana nayo. Akauliza ilifikaje huko. Nikasema, "Kunegunda atakuja kukueleza." Akasema, "Uzeni. Mimi gari lile nimepanda mara nne, na mara tatu lilizima njiani."

Nikaandika historia kwa mkono wangu. Mgiriki wa tumbaku alimwachia Baba mwaka 1975. Rupert aliitoa injini mwaka 2009 bila ruhusa ya mwenye mali. Egidi alijua, akapewa kompresa, akanyamaza. Egidi alilipaka rangi nyekundu mwaka 2023 kwa mapenzi yake. Nikatia sahihi. Wakalalamika, lakini injini bila gari itabaki juu ya stendi yake mpaka ishike kutu, na hilo wanalijua kuliko mimi. Walitoa sitini. Zimeingia kwenye akaunti ya Mama.

Lori lilikuja kulichukua juzi. Watalikwangua rangi yangu yote warudishe ya chungwa. Nilimwomba Abdulatifu wauache hata mlango mmoja. Alicheka, akidhani natania.

Kompresa nimeiuza. Nakodi tena ya Ruhuwiko.

Kimebaki kimoja, na hiki siyo changu. Mama kila Novemba anaombea roho za marehemu kwa majina: Kajetani, halafu Rupert. Ananituma mimi kupeleka sadaka parokiani. Mwaka huu sipeleki. Njoo umwambie mwenyewe mkwe wake alifanya nini. Mimi nimenyamaza zamu yangu na ya watu wengine.

Ukija sitakuwepo. Siyo kwamba sikutaki. Sijui nitakuangaliaje.

Egidi


Matogoro, Songea
30 Desemba 2024

Kaka Egidi,

Barua hii namwachia wifi Notburga akupe mkononi. Nimekaa siku sita nyumbani kwa Mama, na wewe uko mwendo wa nusu saa. Kila bodaboda iliyopita nilitoka nje. Notburga anasema unalala gereji. Basi lala.

Nilimwambia Mama siku ya pili ya Krismasi, tukiwa jikoni, anachambua maharage. Nilimweleza yote, la kiwanja, la magoti, la kompresa. Niliweka na langu, la wakili. Sikuacha kitu. Aliendelea kuchambua. Nilipomaliza alisema, "Kwa hiyo nimemwombea mwizi miaka mitatu." Nikasema ndiyo, Mama. Akasema, "Sawa. Wasio na dhambi wana haja gani na sadaka yangu?"

Nikafikiri imekwisha. Kaka, haikuisha. Alisukuma ungo, maharage yakamwagika, akainuka bila fimbo. Sijawahi kumwona hivyo hata siku ya msiba wa Baba. "Gari lilikuwa la mume wangu. Mmoja akaiba, mmoja akaficha, mmoja akashtaki. Na mimi mwenye gari? Kila Jumapili ya kwanza nimekaa hapa mlangoni nikisikiliza, nasema ni Kajetani huyo. Kumbe ni Patrol! Hakuna hata mmoja wenu aliyeona mimi nina masikio?"

Nililia. Hakunibembeleza. Amenipikia, amemsuka Jane nywele, lakini tangu siku hiyo mimi hanisemeshi ila kwa kupitia kwa mtoto. "Mwambie mama yako chumvi iko kwenye kopo."

Nilikuja na msamaha wa kuuomba kwa mdomo, narudi nao Dar. Kwenye karatasi sitauandika, karatasi zimetutosha. Bado nina hasira na wewe na najua unayo yangu. Mimi nyumba ile ya Kivule naiona kila asubuhi. Siwezi kuirudisha injini wala siwezi kulala nje. Nitakaa humo hivyo hivyo.

Namba yangu ifungue. Sitapiga mimi. Fungua tu.

Basi letu linaondoka kesho alfajiri. Asubuhi ya leo Mama alisema na mimi moja kwa moja, mara ya kwanza, nami nakufikishia kama nilivyoambiwa: paa la jiko linavuja upande wa kaskazini, fedha ipo, mabati mapya yaletwe kabla ya Jumamosi. Utalipanda wewe mwenyewe, usitume kijana. Ataishika ngazi yeye.

Mdogo wako,
Kunegunda